Tingatinga Amefika au Limefika?

Mzaha wenyewe wanafunzi wetu wanaujua: "Jana nimenunua Tingatinga." "Hongera! Utalima ekari ngapi?" Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mchoraji kutoka kusini mwa Tanzania aliyechora kwa rangi za baiskeli na kuuza picha zake Oysterbay, Dar es Salaam, alikuwa na jina ambalo kwa wengi wetu ni trekta. Waandishi wa michezo nao wameongeza chumvi, maana kwao timu "hutinga" fainali.

Utani huu huishi pale tu upatanisho unapojificha. "Tingatinga amefika" ni mtu. "Tingatinga limefika" ni mashine. Ndiyo maana mchekeshaji huliweka jina kwenye shamirisho, bila kiambishi chochote. Akisema "nimelinunua," siri imeshatoka.

Tulipoeleza hayo darasani, mwanafunzi mmoja aliyelelewa na bibi yake, Mbajuni wa kisiwa cha Koyama, hakucheka. Hakuwahi kusikia trekta likiitwa hivyo. Akatoa mchezo wa kwao: wenyeji husimulia kuwa Kismayo ni "kisima yuu," yaani kisima kilicho juu. Sasa darasa ndilo lililonyamaza. Wao husema juu na maji. Mbajuni husema yuu na mayi. (Ramani za Waitaliano, zilizoandika Chisimaio, zisingewasaidia.)

Hapo tukakumbuka insha yake. Neno "yuu" tulikuwa tumelipiga mstari mwekundu na kumkata alama mbili, ingawa alikuwa akinukuu maneno ya bibi yake.

Si jambo dogo. Tangu vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na wengine wakafika Ulaya. Huko Uingereza, usemi wa waombaji hifadhi umewahi kuchunguzwa ili kuamua kama kweli wametoka visiwani. Mtu aliyefundishwa kuona haya kusema "yuu" anaweza kufika mbele ya ofisa akasema "juu," kwa adabu kabisa, na akaonekana mwongo.

Alama zake mbili tulimrudishia. Katika insha iliyofuata bibi alizungumza tena, na safari hii alisema "juu" kila mahali.