Upweke wa Mgeni: Tunayojifunza Katika Riwaya na Filamu



Wapo wazazi wanaotuuliza kwa nini walimu wa madrasa wazungumzie riwaya na filamu, mambo ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita upuuzi. Swali hilo ni la haki, na mengi yanayooneshwa kweli ni upuuzi. Lakini mwaka jana tulikuwa na mwanafunzi mgeni aliyekaa mwisho wa mkeka karibu miezi miwili, wenzake wakimwita jina la kuukejeli weusi wake, nasi walimu tukidhani ni mpole tu. Na hao wenzake Suratul Hujurat wameihifadhi, Aya ya 13 wakiwemo! Kumbe kuhifadhi ni jambo moja, na kumwona aliyeumizwa ni jambo jingine. Hapo ndipo baadhi ya visa vinapotufaa.

Tuchukue filamu ya La Noire de..., aliyoitengeneza Ousmane Sembène wa Senegal mwaka 1966. Msichana Diouana anaajiriwa na Wafaransa huko Dakar kuwatunza watoto wao. Wanapomwita kwao Antibes, anatarajia kuiona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na vyumba vya kusafisha. Sasa angalieni ufundi wake: mbele ya matajiri wake Diouana hasemi zaidi ya kuitikia, lakini sisi watazamaji tunaisikia sauti ya moyoni mwake ikiuliza maswali yasiyo na wa kuyajibu. Wao wanamdhania mvivu, sisi tunajua. Inafika barua ya mama yake. Diouana hajui kusoma, basi bwana anamsomea, kisha anaanza kumwandikia jibu kabla yeye hajasema neno. Watu wanamzunguka mezani, na hata barua kwa mama yake si yake. Kwa maoni yetu, hakuna hotuba juu ya ubaguzi inayolifikia tukio hilo dogo.

Mwisho wake ni mzito: Diouana anajiua. Tunajua hukumu ya jambo hilo katika dini yetu, na hatulitaji ili kulipamba. Tunalitaja kwa sababu Sembène alikitoa kisa hiki katika habari ya kweli ya gazetini, na kwa sababu mabinti zetu nao husafiri kwenda kufanya kazi za ndani Oman, Saudia na kwingineko. Wazazi, tusijidanganye kwamba tajiri akiwa Muislamu basi hapana la kuuliza.

Ama kuhusu riwaya, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, aliandika By the Sea (2001). Mzee Saleh Omar, mwenye miaka 65, anafika Uingereza kuomba hifadhi akiwa na kijisanduku cha udi. Ofisa wa uwanja wa ndege anauchukua udi ule. Anayejua harufu ya udi nyumbani ataelewa kilichochukuliwa hapo. Katika riwaya hiyo hiyo yumo Latif, Mzanzibari msomi, ambaye mpita njia anamtukana kwa neno la zamani la kuwadharau weusi, naye anakwenda kulitafuta kwenye kamusi! Watu hawa wawili wana ugomvi wa kifamilia wa miaka mingi. Hata hivyo upweke wao unaanza kupungua pale wanapoketi na kusimuliana yaliyopita, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Filamu ya Malcolm X (1992) na Hija yake ya 1964 wengi mnaijua, hatukai hapo.

Tulipowasimulia wanafunzi kisa cha Diouana, mmoja alinyoosha mkono: “Mwalimu, wale watoto aliokuwa akiwalea, hawakumuuliza ana nini?” Darasa likanyamaza. Yule mgeni wetu siku hiyo alikuwa amekaa mstari wa pili.