Siku ya Jamaa Visiwani Kisite

Familia nyingi za bara zinapojaliwa likizo ya pwani huishia mchangani, watoto wakijenga vichuguu na baba akilowesha miguu hadi magotini tu. Hofu hiyo si ya bure. Aliyekulia mbali na maji aghalabu hakufundishwa kuogelea, na bahari haitambui cheo cha mtu. Hata hivyo, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, pana mahali ambapo jamaa nzima yaweza kushinda majini kutwa, ilmradi utaratibu ufuatwe.

Safari huanzia Shimoni, mji mdogo wa wavuvi uliopata jina lake kwa ajili ya mapango yake. Mashua hukipita Kisiwa cha Wasini, huviacha visiwa vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, kisha hutia nanga karibu na Kisite, ambacho si zaidi ya kipande cha jiwe la matumbawe. Tangu mwaka 1978 Kisite imekuwa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba zipatazo 28, na uvuvi wa namna yoyote ni marufuku humo. Ndiyo maana samaki wake hawamkimbii mtu.

Majira yafaayo ni ya kaskazi, baina ya Desemba na Machi, maji yanapotulia na kung'aa. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, na mkondo huwa na nguvu. Mwenye watoto na achague siku za maji mafu.

Vifaa ni vitatu: miwani ya maji, mrija wa kupumulia, na mapezi ya mpira. Miwani hujaribiwa nchi kavu: ibandikwe usoni bila kufungwa mkanda, mtu avute pumzi kwa pua, ikishika bila kuanguka, inamfaa. Mate kidogo yakipakwa kiooni huzuia ukungu. Mrija usirefushwe kwa werevu wa nyumbani, kwani hewa chafu husalia ndani yake na mtu akaivuta tena, mpaka azimie. Fulana ivaliwe, maana jua humchoma mgongo aeleaye kifudifudi naye asisikie mpaka usiku.

Chini ya maji, matumbawe yadhaniwayo kuwa mawe ni makoloni ya wanyama wadogo mno, na joto la bahari likizidi huwa meupe, kama ilivyotokea mwaka 1998, na mengi hufa. Pono huyatafuna kwa mdomo wake mgumu na kuyatoa yakiwa mchanga; sehemu ya mchanga mweupe unaosifiwa na wageni ilipitia tumboni mwake! Hupatikana pia changu, chewa, kasa, na mara nyingine pomboo huandamana na mashua. Hapana ruhusa ya kukanyaga wala kuvunja. Atakayekwaruzwa aoshe kidonda mara moja kwa maji safi na kuondoa chembe zote, kwani kidonda cha matumbawe huchelewa kupona.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Mdomo umo majini, mikono inasukuma maji chini, na aliye hatua chache kando huweza kudhani anacheza. Kwa hiyo kila mtoto avae jaketi la kuokolea, hata ajigambe vipi, na mtu mzima mmoja abaki mashuani bila kazi nyingine ila kuhesabu vichwa. Baba asiyejua kuogelea naye avae, bila kuona haya mbele ya wanawe. Mazoezi ya kwanza ya kupumua kwa mrija yafanywe pale ambapo miguu inagusa chini.

Adhuhuri mashua hugeuka kuelekea Wasini, kisiwa kisicho na motokaa hata moja, ambako wali wa nazi, samaki na kaa huliwa kwa mikono. Watoto wapumzike hapo kivulini na kunywa maji ya kutosha kabla ya kuvuka tena kwenda Shimoni, kwa kuwa alasiri upepo huzidi na safari ya kurudi hurusha maji zaidi kuliko ile ya asubuhi.