Duara likitema kiporo aibu, likigoma kiporo dili!

Wiki hii naomba tuingie jikoni, tena moja kwa moja hadi kwenye lile sufuria lililofunikwa na sahani, ambalo mgeni akibisha hodi mnalisukumia chini ya meza haraka haraka. Naam, nazungumzia kiporo. Si viporo vya Simba na Yanga, hivyo waachie wenye kurasa za nyuma. Wala si kile cha kumrudia mpenzi wa zamani, ingawa najua kuna mtu hapo ameshatabasamu. Nazungumzia chakula kilicholala.

Hapa kwetu Kalangalala, Geita mjini, wengi tunaishi nyumba za kupanga. Vyumba sita saba vinatazamana, ua ni mmoja, kwa hiyo siri ya jikoni haipo. Asubuhi majiko ya mkaa yakishashika moto, pua tu inakwambia nani anapasha wali wa jana, nani anakwangua ukoko wa kunywea chai na nani kaamkia maandazi. Hapo ndipo watu wanapopimana, si unajua tena.

Jirani yangu wa mlango wa tatu, mumewe ni mchimbaji. Si wa mgodi mkubwa, wale wa ovaroli na kitambulisho kifuani. Yeye ni wa maduara. Miezi kadhaa iliyopita duara lao likatema. Bwana wee! Nyama kilo tatu, pilau, soda kwa kreti. Kinachobaki kinatupwa jalalani mchana kweupe, wote tukiona. Siku moja hausigeli wao kauliza kama apashe maharage ya jana, akajibiwa kwa sauti ya kusikika ua mzima: "Hapa hatuli viporo!" Sisi wenye viporo vyetu jikoni tukainamisha vichwa.

Katikati ya neema hiyo akaja mama mkwe kutoka Shinyanga vijijini, na kiroba cha michembe begani. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikauke kau. Ukivichemsha kwanza ndipo uanike, hayo ni matobolwa. Wasukuma hawakusubiri friji ije na umeme. Kiazi kikizidi wakati wa mavuno kinakatwa, majani ya kunde yakizidi yanakuwa nsansa, na nyumba inavuka kiangazi.

Nilikaa na yule mayu jioni moja akanisimulia njaa ya 1974, walipokula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, watu wakaubatiza jina la Yanga kwa rangi yake. Aliyeula huo, alisema, hamwagi chakula. Alipoondoka tu, mkwewe akaniletea kiroba chote. "Chukua wewe dada, mimi sina wa kula hivyo." Nikachukua. Mimi nina wa kula hivyo, ni mimi mwenyewe.

Basi, duara likagoma. Mume akawa hapatikani kwenye simu, hausigeli akarudishwa kwao, na mfuko ukachacha. Usiku mmoja nasikia hodi. Ni jirani, kashika bakuli kalifunika na kanga. "Dada, hujabakiza chochote? Si changu, ni cha watoto."

Nitasema ukweli. Moyoni nilifurahi kidogo. Nilikumbuka "hapa hatuli viporo" nikataka nimrudishie vilevile. Nikajizuia, nikafunua sufuria, nikampa wali uliobaki. Tatizo ni kwamba wali huo ulikuwa wa jana yake mchana, nami nilikuwa nimeshaamua kutoula. Niliunusa, nikaona haunuki, nikampa.

Saa nane usiku mtoto wake mdogo anatapika. Tukambeba wawili hadi zahanati, mimi njiani nimekauka koo, sisemi kitu. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini muuguzi alipouliza kala nini, mama yake alinitazama, kisha akasema, "Sijui." Alinificha aibu.

Hapo ndipo nikaulizia vizuri. Kumbe wali una mambo yake. Kuna kimelea kiitwacho Bacillus cereus, mbegu zake haziuawi na kupika. Wali ukikaa kwenye joto hili letu zinachipua na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata uupashe hadi ushike ukoko. Wala pua haiijui. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Sasa mpangaji asiye na friji afanyeje? Mimi siku hizi wali napima kwa kikombe usibaki, na cha kugawa nakigawa jioni hiyo hiyo, kingali cha moto. Ukibaki usiku kucha, simpi mtu.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Majumbani kiporo kina mwenyewe. Baba hapewi, mgeni hapewi. Anapewa hausigeli, au mtoto wa ndugu aliyeletwa kusoma. Kisha tunasema nyumba hii haitupi chakula! Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 kutoka majumbani. Ningependa kujua ni kiasi gani kiliponea tumboni mwa dada wa kazi.

Kiroba cha michembe nilikuwa nimekila nusu. Nusu iliyobaki nilimrudishia kesho yake. Hakuuliza kwa nini. Alimpigia simu mama mkwe kuuliza inaloweshwa muda gani, nikasikia yule mayu anacheka hadi spika ikakwaruza. Tukaichemsha pamoja uwani, tukaitia karanga za kutwanga, watoto wakagombea sahani.

Duara bado halijatema. Jana asubuhi mlango wa tatu ulikuwa unatoa harufu ya maharage ya jana, na mlango wenyewe ulikuwa wazi.