SAA YA KISWAHILI NA KAZI YA MFASIRI

Katika makala haya tunakusudia kujadili jambo linaloonekana dogo, lakini likikosewa huweza kumfikisha mtu mkutanoni baada ya wenziwe kutawanyika, au kumnyima mgonjwa dawa yake. Jambo hilo ni kutaja wakati.

Kiswahili huanza kuhesabu saa kunapopambazuka, kisha huanza tena jua linapokuchwa. Kiingereza huanza katikati ya usiku na katikati ya mchana. Tofauti ni saa sita. Wala hesabu yetu si ya pekee: Waethiopia huhesabu vivyo hivyo, na Warumi wa kale waligawa mchana sehemu 12 tangu macheo. Ndiyo maana saa ya sita na ya tisa za Injili ziliingia katika Biblia ya Kiswahili bila kugeuzwa tarakimu.

Hata hivyo, saa zetu za leo hazifuati tena jua lenyewe. Tuchukue mfano wa Utemini, mjini Singida. Majira rasmi ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Singida iko karibu na nyuzi 35. Kila uzi mmoja ni dakika 4. Basi jua la Utemini hufika kileleni, kwa wastani, dakika 40 hivi baada ya saa 6.00 mchana. Mwalimu wa huko akifundisha kwamba saa sita ndipo kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, mlingoti wa bendera utamsuta. Saa, kwa hiyo, ni makubaliano ya watu. Na mfasiri sharti ajue anahama kutoka makubaliano yapi kwenda yapi.

Makosa matatu hutokea mara kwa mara.

Kwanza, kunakili tarakimu. Saa nane asubuhi ya Kiingereza ni saa 2.00 asubuhi kwetu. Anayeandika "saa 8.00 asubuhi" amefasiri maneno, akaacha wakati.

Pili, kuchanganya wakati na muda. Maelezo ya dawa yakisema "meza kila saa nane", mmoja atameza mara tatu kwa siku, mwingine mara moja tu, saa nane mchana. Wasemao "masaa" wameiona haja ya kutenganisha mambo haya, ingawa katika Kiswahili sanifu wingi wa "saa" ni "saa". Iandikwe: "kila baada ya saa 8".

Tatu, usiku na tarehe. Kwa mapokeo ya Waswahili siku huanza magharibi. Hivyo "usiku wa Ijumaa" hutangulia mchana wake. Kalenda ya ofisini hubadili tarehe saa 6.00 usiku. Tangazo lisemalo "mwisho ni saa 6.00 usiku, tarehe 30 Juni" laweza kumfungia mwombaji mlango siku nzima kabla hajatarajia. Iandikwe: "saa 6.00 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai".

Tunahimiza, basi, kwamba katika nyaraka zote saa isitajwe bila kipindi chake: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Tarakimu peke yake haimwambii msomaji wakati, humwachia kubahatisha.