Kidege, Kichezeo na Modeli

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mfasiri ni vitu vinavyofanana kwa umbo lakini vinavyotofautiana kwa dhana. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kundi moja la vitu hivyo, yaani ndege ndogo mno zinazoundwa na kupakwa rangi kwa mkono, na kupendekeza namna ya kuzitaja. Mifano yetu tumeichukua katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako tatizo hili hudhihirika wazi.

Neno linalomjia mtu kwanza ni kidege. Neno hili ni halali, kwani Kiswahili hutumia kiambishi ki- kuonyesha udogo. Hata hivyo, lina kasoro. Tunasema ndege yule ametua tunapokusudia kiumbe, na ndege ile imetua tunapokusudia chombo. Upatanisho wa sarufi ndio unaotubainishia maana. Tukisema kidege kile kimetua, tofauti hiyo hutoweka.

Wenyeji wa mpakani hulitambua pengo hili upesi. Kihangaza cha Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Katika Kirundi na Kinyarwanda, kiumbe huitwa inyoni, na chombo huitwa indege, neno lililotokana na Kiswahili. Hata katika udogo maneno hayo hayachanganyiki: akanyoni ni kiumbe, akadege ni chombo. Hivyo waliotuazima neno wamelitumia kwa ubainifu kuliko sisi tulioliazimisha.

Zaidi ya hayo, kidege huweza kuwa chombo halisi chenye rubani na abiria. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa mamia ya maelfu, ndege ndogo za huduma zilikuwa sehemu ya shughuli za misaada. Karani akiandika katika daftari kwamba videge vitatu vimepokelewa, msomaji atajuaje kama vilitua kiwanjani au vilifika katika sanduku la vifaa vya shule?

Sasa tutazame vitu vyenyewe. Watoto wa vijijini, huko kama kwingineko nchini, huunda ndege kwa mabua ya mtama, maganda ya migomba, nyaya na makopo. Hiyo ni kazi ya ufundi isiyostahili kubezwa. Lakini muundaji wake hafungwi na vipimo: akipenda mabawa marefu huyarefusha. Kitu hiki tunapendekeza kiitwe kichezeo.

Kitu cha pili huundwa kwa uwiano mmoja usiobadilika, yaani skeli, neno ambalo walimu wa jiografia wamekwisha kulizoea katika somo la ramani. Skeli ya 1:72 ina maana kwamba sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Namba hiyo ilitokana na vipimo vya Kiingereza, ambapo inchi 1 husimama badala ya futi 6. Ndiyo iliyotumika katika modeli za plastiki za FROG Penguin zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1936. Skeli ya 1:144 ni nusu yake.

Tuchukue mfano wa Cessna 206, ndege inayofahamika katika viwanja vidogo. Upana wake kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni takriban mita 11, na urefu wake ni takriban mita 8.6. Kwa skeli ya 1:72, upana huwa sentimita 15 na urefu sentimita 12. Kitu chenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 30 huenda kikapendeza, lakini si modeli ya ndege hiyo.

Rangi nayo hufuata kanuni hiyo. Tabaka lenye unene wa milimita 0.1, likipakwa juu ya modeli ya 1:144, ni sawa na rangi yenye unene wa milimita 14.4 juu ya ndege halisi, na mistari ya mabati hufunikwa. Ndiyo maana waundaji hupiga msasa, huzimua rangi, na huipaka kwa tabaka nyembamba.

Majina ya sehemu hayahitaji kubuniwa upya. Mabawa, mkia, pua na kiwiliwili vyatosha. Lugha ilikwisha kuyahamisha kutoka kwa viumbe, kama ilivyomhamisha rubani kutoka baharini hadi angani.

Kwa hiyo tunapendekeza: kidege kibaki katika mazungumzo na hadithi, ndege ndogo iwe chombo halisi, kichezeo cha ndege kiwe kile kisicho na skeli, na modeli ya ndege iwe ile yenye skeli, ambayo itajwe daima pamoja na jina lake. Neno mfano tumeliacha kwa kuwa lina kazi nyingi mno, na kielelezo kwa kuwa hutumika pia kwa picha na kwa ushahidi mahakamani.

Mwalimu akiyatenga majina haya, mwanafunzi wa Biharamulo ataweza kupima bua lake kwa rula na kuamua mwenyewe ameunda kipi. Akiyachanganya, dhana ya uwiano itampita mwanafunzi huyo ilhali ameishika mkononi. Tunawaomba wasomaji wayajaribu mapendekezo haya kazini, na watuletee maoni yao.