Risasi Ifaayo kwa Mnyama Mkali

Watu wengi hapa Frere Town, wakizungumza barazani habari za uwindaji, hudhani kwamba mwenye bunduki kubwa amekwisha kushinda kabla ya kuingia mwituni. Mambo yaliyotukia Tsavo mwaka 1898, maili 132 kutoka Mombasa kwa njia ya reli, yatufundisha vingine.

Simba wawili walikuwa wakiwala wafanya kazi wa reli. Mhandisi J. H. Patterson alikuwa na bunduki ya .303, yaani yenye mtutu wa upana wa inchi .303. Tarehe 9 Desemba alichukua bunduki ya kuazima, yenye nguvu zaidi. Simba alipomtokea karibu, mtutu wa kwanza haukulia. Wa pili ukamjeruhi mguu tu. Usiku ule ule alimwua kwa ile .303. Basi silaha aliyoizoea mtu ina faida kuliko kubwa asiyoijua.

Lakini msomaji asidhani kuwa bunduki nyepesi yatosha kwa nyati au ndovu. Nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hao. Risasi ya .303 ya zamani ilikuwa na uzito wa gramu 14 hivi, ya.375, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912, huwa kama gramu 19, na ya.470 hufika gramu 32. Kadiri uzito unavyozidi, ndivyo bunduki inavyompiga mpigaji begani kwa kishindo. Na mtu aiogopaye bunduki yake hufumba macho anapofyatua.

Tena risasi zenyewe ni za namna mbili. Iliyo laini nchani hutanuka ikiingia mwilini, ikafanya jeraha pana. Hiyo yafaa kwa simba na chui, ambao ngozi yao ni nyembamba. Iliyo ngumu, iliyofunikwa kwa chuma au shaba, haitanuki, bali hupenya moja kwa moja. Ndovu hana budi kupigwa kwa hiyo, kwa maana ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye vishimo kama sega la nyuki. Risasi laini huvunjikia humo.

W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya .275 tu. Siri yake ilikuwa risasi ngumu, mkono uliotulia, na kujua hasa ubongo ulipo, kwani alipasua kichwa cha ndovu kwa msumeno ili autazame. Asiye na ujuzi huo asimwige.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na siku hizi ni askari wa wanyamapori waitwao mnyama anapowashambulia watu. Kwao uchaguzi wa risasi ni jambo la uhai. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na huenda wa kwanza kumkuta akawa mama aendaye kuteka maji, asiye na bunduki ya aina yo yote. Kwa hiyo afyatuaye risasi ya kwanza ana deni: sharti amfuate mnyama yule mpaka amwone amekufa.