Kambwa Kako Kanaringia Dishi na Mdomo Unanuka? Soma Hii Kabla Ukimbilie Mifupa ya Bucha

Wacha tuanze na anti yangu wa Litein. Huyu mathe ana shamba la majani chai, ng'ombe watatu wa maziwa na mbwa wawili wa boma ambao hudishi ugali na kulala nje bila maneno mengi. Halafu October moja bonus ya chai ikaingia, binamu yangu akajiskia tajiri, akamletea Japanese Spitz kutoka Nairobi. Kadogo, keupe kama pamba, jina Snowy. Hapo ndipo ngori ilianza.

Snowy hali ugali. Snowy hali omena. Snowy anataka chapati iliyochovywa kwa chai ya maziwa, smokie, na yai likipatikana. Miaka miwili baadaye, ukikaa na huyo mbwa kwa kochi moja, manze, harufu inayotoka kwa huo mdomo utadhani kuna panya amekufia nyuma ya kabati. Jirani akamshauri anti: "Mama, mpe mfupa mbichi, utamsafisha hayo meno." Anti akaenda bucha, akarudi na kipande cha mguu wa ng'ombe. Wiki hiyo hiyo gego la Snowy likapasuka katikati.

Sasa kama uko Kericho, Sotik, Kapkatet, Silibwet ama kwenye vijiji vya mashamba makubwa ya chai, na una kambwa kama hako, hii story ni yako. Kwa sababu yule jirani hakudanganya. Shida ni alisema nusu tu.

Meno 42 kwa mdomo wa saizi ya kikombe

Mbwa mzima huwa na meno 42. German Shepherd anayo 42. Spitz, Maltese na Chihuahua pia wanayo 42, ila wameyapanga kwa mdomo ambao unaweza kuufunika na kiganja. Yanabanana kama wasee kwa matatu ya siku ya soko. Wakati mwingine meno ya utotoni yanakataa kung'oka, ya ukubwani yanameea kando, na chakula kinakwama hapo katikati.

Kila siku ukoga laini unashika kwa meno. Usipotolewa, madini yaliyo kwa mate yanaugandisha ndani ya siku chache, unakuwa ule ukoga mgumu wa rangi ya kahawia, kama ile ganda inashika ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Bakteria wanajificha chini ya fizi na kuanza kula mfupa unaoshikilia jino. Kwa mbwa mdogo mfupa wa taya wenyewe ni mwembamba, kwa hivyo ikifika mbali hata taya inaweza kuvunjika kwa kitu kidogo tu. Hii si mambo ya urembo.

Na hiyo chapati ya kuchovya haisaidii. Ni laini, inashika kwa meno, na haimpi kazi yoyote ya kutafuna. Chai yenyewe ina kafeini, ambayo mwili wa mbwa hauiwezi vile wako unaiweza. Najua uko katikati ya majani chai na kumnyima mgeni chai ni dhambi, lakini Snowy si mgeni. Smokie ina chumvi mob, na ikiwa na kachumbari ni mbaya zaidi: kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Kitu kingine ambacho watu hawacheki. Mbwa "anayeringa" mara nyingi haringi. Anaumwa. Akitafuna upande mmoja, akiokota chakula na kukiangusha, akitoa mate kuliko kawaida, akikataa vitu vigumu na kukubali laini tu, hapo usimtukane kwamba amelelewa vibaya. Mwangalie meno. Ukiona amevimba chini ya jicho, kuna uwezekano mkubwa mzizi wa gego la juu umeoza na usaha umejaa, na hapo mfupa utamuua na maumivu.

Kwani mfupa mbichi unasafisha kweli?

Ndio, kwa kiasi. Kuna wataalamu wa Brazil ambao 2016 walichapisha utafiti kwenye jarida la madaktari wa mifugo wa Australia. Walichukua mbwa 8 wa aina ya beagle wenye ukoga mgumu, wakawapa mifupa mibichi ya ng'ombe, na ndani ya wiki chache sehemu kubwa ya ule ukoga ikawa imetoka. Kwa hivyo jirani ana ushahidi.

Lakini tulia. Mbwa 8 si wengi, na beagle si Spitz. Pia kilichopimwa ni ukoga unaoonekana juu ya jino. Ugonjwa wenyewe unakaa chini ya fizi, mahali mfupa haufiki. Unaweza kuwa na mbwa mwenye meno meupe yanayong'aa na mizizi inaoza kimyakimya.

Hata madaktari wenyewe hawasikizani. Australia kuna Ian Billinghurst, aliyetoa kitabu cha kupigia debe mifupa 1993, na Tom Lonsdale, ambaye alifuata na chake 2001. Hao watakwambia dishi laini la viwandani ndilo limeharibu mbwa. Upande wa pili, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo 2010 kwamba mifupa ni hatari kwa mbwa, kubwa kwa ndogo: inavunja meno, inakwama kooni, inatoboa matumbo. Mimi nikiulizwa, wote wanaona kitu cha ukweli. Kila kitu kinategemea ni mfupa gani, kwa mbwa gani, na nani anaangalia.

Mfupa upi, na upi utupe mbali

Kosa la anti lilikuwa mguu. Mfupa wa mguu wa ng'ombe ulibeba mnyama wa kilo mia kadhaa kupanda na kushuka milima ya Bureti. Huo ni mgumu wa kutosha kuvunja jino la mbwa, na gego kubwa la juu ndilo huvunjika kwanza kwa sababu ndilo hufanya kazi ya kupasua. Tena ndani kuna uboho, mafuta matupu, ambayo yanaweza kumpa mbwa mdogo kuhara na kutapika, hata kumchoma kongosho.

Kipimo cha kienyeji ambacho madaktari wa meno ya wanyama hutumia: bonyeza na ukucha wa kidole gumba. Kama hakuna alama yoyote inayobaki, ni mgumu sana. Ama jiulize, mtu akinigonga nao kwa goti nitalia? Kama jibu ni ndio, rudisha kwa mwenye bucha.

Mfupa uliopikwa ndio mbaya kabisa. Wa nyama choma, wa supu, wa kuku wa kukaanga wa pale stage, yote ni ile ile. Moto unaukausha mfupa, ukivunjika unatoa vipande vyenye ncha kama sindano. Najua vile Jumapili huisha, sahani ya mifupa inamwagwa nje na kila mbwa anafurahi. Wale wa boma wamebahatika tu. Huyu wa kilo sita ana utumbo mwembamba.

Kinachomfaa kambwa kama hako ni mfupa mbichi laini wenye nyama juu yake: mbavu za mbuzi, ama shingo ya kuku. Uwe mkubwa kuliko mdomo wake, ili autafune badala ya kuumeza. Kama ni mlafi wa kumeza bila kutafuna, shingo ya kuku muondolee kwa orodha. Mpe akiwa ameshakula kidogo, umshikie mwanzoni, na ukae hapo. Dakika 10 au 15, mara moja au mbili kwa wiki, halafu unauchukua kabla haujabaki kipande cha kumezwa. Zaidi ya hapo ataanza kufunga choo, kinyesi kinakuwa cheupe kama chokaa.

Na mbwa anayekataa? Usilazimishe siku ya kwanza. Anza na kipande chenye nyama mob, kiwe na joto la kawaida badala ya baridi ya friji. Punguza ile chapati. Mbwa mwenye afya hafi njaa akikosa mlo mmoja, lakini mtoto wa mbwa na hawa wadogo kabisa wa kilo mbili usiwajaribu hivyo, sukari ya damu yao hushuka haraka.

Sasa, hapa kwa bucha kuna mambo mawili ya kukuhusu wewe mwenyewe

La kwanza ni kile unachopewa bure. Ukisema "nipe za mbwa", mwenye bucha anatupia kwa karatasi chochote: mifupa, kipande cha pafu, ini lililokataliwa. Hapo ndipo tegu anapoingia. Kuna mnyoo mdogo sana wa mbwa ambaye mtoto wake hukaa kwenye ini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, ndani ya uvimbe uliojaa maji. Mbwa akila hicho kiungo kibichi, minyoo inakua tumboni mwake bila yeye kuonekana mgonjwa. Baada ya kama wiki sita mayai yanaanza kutoka na kinyesi, yanashika kwa manyoya, na mtoto wako anayemkumbatia anayameza. Kwa binadamu huo uvimbe unamea polepole kwa miaka, mara nyingi kwa ini, na kuutoa kunaweza kuhitaji upasuaji.

Turkana imekuwa kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na AMREF wamepambana na ugonjwa huu huko tangu miaka ya 80. Umasaini pia upo. Na Bomet inapakana na Narok, mifugo inavuka huku na huku, kwa hivyo usiseme hayo ni ya watu wa jangwa.

Kwa hivyo shika hii vizuri: mfupa usichemshe, lakini ini na pafu chemsha nusu saa na zaidi, ama usimpe kabisa. Uliza agrovet dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, kwa sababu ile ya kawaida ya minyoo ya mviringo haimgusi tegu. Friji pia haiui kila kitu, bakteria wengi wanalala tu. Osha mikono na mahali ambapo mbwa ametafunia, na usimpe mfupa kwa zulia ambalo mtoto anatambaa.

La pili ni zito zaidi. Siku moja unaweza kupata mbwa ameachama mdomo, taya limening'inia, mate yanamwagika, hawezi kumeza. Akili yako itasema: amekwamwa na mfupa, wacha nitoe. Usiingize mkono. Hivyo ndivyo kichaa cha mbwa huonekana kikiwa cha ile aina ya kimya, na watu wamejiua hivyo wakidhani wanasaidia. Virusi viko kwa mate. Kama mbwa hajachanjwa, ama hujui, mfungie mahali na umpigie daktari wa mifugo. Kama mate yake yameshagusa kidonda chako, osha na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo uchanjwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka na bei yake haiwezi kulinganishwa na hiyo hasara.

Kama hutaki mfupa kabisa

Sikulaumu. Kitu kinachosaidia zaidi ni mswaki, hata kama utachekwa na ushago mzima. Funga kitambaa safi kwa kidole, lowesha na maji, sugua upande wa nje wa meno, hasa magego ya nyuma. Anza na sekunde chache jioni, ongeza pole pole, na ikiwezekana iwe kila siku. Colgate yako usiiguse: mbwa hatemi, anameza, na baadhi ya dawa za meno zina sukari inayoitwa xylitol ambayo ni sumu kali kwake.

Ukoga ukishakuwa mgumu, kitambaa hakitoi. Hapo ni daktari, na mbwa analazwa kwa dawa ya usingizi ili asafishwe hadi chini ya fizi. Huku kwetu daktari wengi siku yao inaishia kwa ng'ombe, kupandisha na kutibu kiwele, kwa hivyo piga simu kwanza uulize kama anafanya meno ya mbwa. Asipofanya, atakuelekeza Nakuru ama kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Na uliza kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Mtu akitaka kukwangua meno ya mbwa wako akiwa macho, kwa kisu, kwa bei ya kutupa, ondoka.

Snowy alipelekwa Nakuru. Gego likang'olewa, na mengine mawili yalikuwa yameoza chini ingawa juu yalikaa fiti. Pesa iliyotumika ingemnunulia anti mbolea ya msimu, na hajaacha kumkumbusha binamu yangu kila akimpigia. Siku hizi kila Jumamosi jioni anapewa ubavu mmoja wa mbuzi, anti amekaa kwa kigoda kando yake na saa mkononi. Mdomo haunuki tena. Ugali bado amekataa.